Jino lililouawa nerfu linaharibu mwili? Niliyowaambia wazazi wa Kadutu

Wababa na wamama, wazee wetu, na nyinyi vijana wa kwaya mliobaki baada ya mazoezi, asanteni kwa kunipa nafasi. Nayaandika maneno haya karibu jinsi nilivyoyasema, sababu umeme ulikatika katikati, mikro ikazima, na wale waliokaa nyuma wameniandikia kwamba walisikia nusu tu, na habari ya namna hii ukiisikia nusu ni heri usingeisikia kabisa.

Kilichonileta mnakijua. Iko audio inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, hapa Bukavu, tangu Bagira mpaka Panzi, sauti ya mwanaume anayeongea vizuri, bila haraka, anasema kila jino lililouawa nerfu, yaani lililotibiwa mizizi kwa kutolewa nerfu ya ndani, kusafishwa na kujazwa, ni maiti ndani ya kinywa, eti linamwaga sumu kwenye damu usiku na mchana, linaleta kanseri ya titi, linaharibu moyo na viungo, mpaka akili. Tena anatoa namba: asilimia 97 ya wanawake wenye kanseri ya titi walikuwa na jino la aina hiyo. Mwisho anashauri watu wote wayatoshe, yaani wayang'oe.

Tangu ianze kuzunguka, sisi wa kazi ya meno tunapokea watu wa namna mbili. Wa kwanza wanakuja na jino lililotibiwa zamani, haliumi, halijavimba, wanalitafunia kila siku, wanasema tu litoshe, naogopa. Hao naongea nao, naomba radio ya jino, yaani picha ya eksirei, na mara nyingi wanarudi nyumbani na jino lao. Wa pili njo wananinyima usingizi. Wako na jino limeoza mpaka ndani, usaha unachungulia kwenye ufizi, unawaeleza kwamba linaweza kusafishwa, wanakataa sababu ya audio, na kulitosha pia hawataki sababu ni la mbele, basi wanapita farmasi kununua amoxi, ile antibiotike, na dawa ya maumivu, mwezi ujao tena, na mwezi unaofuata tena hivyo hivyo. Wanakimbia sumu ya kuambiwa na wanalala na usaha wa kweli mdomoni.

Niseme msimamo wangu kabla ya kwenda mbali. Kinachodhuru mwili ni maambukizo yanayobaki ndani ya jino na ndani ya mfupa unaolishika. Yakisafishwa vizuri mwili unapona, jino likitoshwa mwili unapona pia, lakini yakiachwa, ao yakifunikwa na kazi mbovu, hatari inabaki palepale.

Ndani ya jino, katikati, kuna nafasi ndogo yenye nerfu na mishipa ya damu, na inashuka mpaka ncha ya mzizi kwa njia nyembamba sana. Jino la mbele mara nyingi liko na njia moja, la nyuma la chini mara nyingi 3, la nyuma la juu linaweza kuwa na 4. Bakteria za kinywa zinakula sukari, ile ya sukre, ya bonbon, ya chai yenye vijiko vinne, zinatoa asidi, asidi inachimba jino pole pole mpaka inafika kwa nerfu. Nerfu inavimba, lakini imezungukwa na kuta ngumu, haina pa kupanukia, njo yale maumivu ya usiku ambayo yanamfanya mtu mzima alie. Halafu siku moja maumivu yanaisha yenyewe. Mtu anamshukuru Mungu, anaalika marafiki, anasema nimepona. Hajapona, nerfu imekufa. Na hapo naomba wamama wanaonunua amoxi wanisikie vizuri: dawa ya farmasi inasafiri kwenye damu, na ndani ya jino lililokufa damu haiingii tena. Bakteria zinakaa mle ndani, dawa haizifikii, askari wa mwili hawazifikii, zinatoka kidogo kidogo kwenye ncha ya mzizi na kula mfupa. Amoxi inapunguza uvimbe wa nje, ndiyo, na kuna siku tunaiandika sisi wenyewe, lakini chanzo kinabaki kinangoja.

Kwamba ni bakteria, wala siyo jino kufa kwenyewe, tunajua tangu zamani. Mwaka 1965 huko Marekani watafiti watatu, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichukua panya wa kawaida na panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja, wakawatoboa wote jino mpaka kwenye nerfu na kuliacha wazi, chakula kinaingia, uchafu unaingia. Panya wa kawaida walioza nerfu na kupata majipu. Wale wasio na vijidudu, nerfu zao zilipona na zikajijengea ukuta mpya. Kidonda kilikuwa kilekile, chakula kilekile, tofauti ilikuwa bakteria tu.

Sasa ile hofu ilitoka wapi? Baba mmoja aliniuliza kwa ukali kidogo kama nasema mwenye audio ni mwongo. Sijui moyo wake. Ninachojua ni kwamba wazo lenyewe halikuanzia WhatsApp, lilianza kwa madaktari wakubwa, na walikuwa na sababu zao. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alisimama mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akalaumu waganga wa meno waliokuwa wanaweka kofia za dhahabu na madaraja ya dhahabu juu ya mizizi iliyooza, uzuri juu, usaha chini. Mimi nikisoma alichosema naona alikuwa na haki kwa sehemu kubwa, sababu wakati ule wengi walikuwa wanafunika uchafu bila kuusafisha, bila radio, bila antibiotike hata moja duniani. Kisha Frank Billings wa Chicago akaeneza fundisho kwamba maambukizo madogo yaliyojificha mahali pamoja, kwenye jino ao kwenye findo la koo, yanaweza kuleta ugonjwa mbali mwilini.

Halafu akaja Weston Price, muganga wa meno wa Cleveland, Ohio, na ndiye hasa anayetajwa mpaka leo. Alikuwa anatosha meno yaliyotibiwa kwa watu wagonjwa, anayaweka chini ya ngozi ya sungura, sungura wanaugua, wengi wanakufa. Mwaka 1923 alitoa vitabu viwili vikubwa juu ya kazi hiyo. Ukimsimulia mtu hadithi ya sungura, hata msomi anatetemeka, na ninaelewa. Lakini angalieni jinsi kazi ilivyofanyika. Jino linapong'olewa linapita kwenye ufizi uliojaa bakteria, linatoka limejipaka, kwa hiyo ukikuta bakteria juu yake hujui zilitoka ndani ya mzizi ama zilipandia njiani. Mwaka 1936 kule Uingereza Fish na MacLean waliunguza kwanza ukingo wa ufizi ndipo wakang'oa, na bakteria zile ambazo kila mtu alikuwa anazikuta ndani ya meno hazikuonekana tena. Pia sungura ni mnyama mdogo, kumwekea jino zima la mtu lenye bakteria chini ya ngozi ni kipimo kikubwa mno, hakifanani na jino lililokaa kwenye mfupa wa mtu. Na wengine waliojaribu kurudia kazi ya Price kwa uangalifu zaidi hawakupata alichopata yeye.

Kilichotokea katikati ni huzuni, na nilikaa hapo kwa muda siku ile sababu njo sehemu ambayo audio haisemi. Kwa karibu miaka 30 watu walitoshwa meno kwa wingi usiohesabika, mazima na mabovu, ili watibiwe maumivu ya viungo, tumbo, macho, uchovu. Kule Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliyekuwa anaongoza hospitali ya wagonjwa wa akili aliamini wazimu unatoka kwenye maambukizo yaliyojificha, akawatosha wagonjwa meno, wasipopona anakata mafindo, wasipopona anapasua tumbo na kukata utumbo. Wengi walikufa mikononi mwake. Wagonjwa wale hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Mwaka 1938 Cecil na Angevine, na Cecil mwenyewe alikuwa amewahi kuliamini fundisho hilo, walichunguza wagonjwa 200 wa baridi yabisi, wakakuta kutosha meno na mafindo hakukuwaponya. Watu walibaki na viungo vinavyouma na bila meno ya kutafunia. Pole pole fundisho likaachwa na kazi ya kutibu mizizi ikarudi na kuboreshwa.

Kwa hiyo anayetuambia leo tutoshe meno yote yaliyotibiwa hatuletei habari mpya iliyofichwa. Anaturudisha mahali ambapo dunia ilishapita na kulia.

Na ile asilimia 97? Hakuna utafiti uliopimwa na kuchapishwa vizuri unaoonyesha hiyo namba. Halafu fikirini pamoja nami: kule Ulaya na Marekani watu wengi wenye umri wa miaka 50 na kuendelea wako na jino moja ao mawili yaliyotibiwa mizizi, na umri huohuo njo kanseri ya titi inaonekana zaidi, kwa hiyo ukihesabu wagonjwa bila kuhesabu wazima utakuta meno hayo kila mahali, kama vile utakuta wengi wao walivaa miwani. Mwaka 2013 jarida moja la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti juu ya kanseri za kichwa na shingo, na waliowahi kutibiwa mizizi ya meno mengi walionekana kuwa na hatari pungufu kwa asilimia 45. Sisemi kuua nerfu kunakinga kanseri, utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha hivyo. Nasema tu kwamba ukitafuta hiyo sumu kwenye hesabu za kweli, huioni.

Tena mwaka 2025 watafiti wa King's College London walifuatilia watu 65 kwa miaka 2 baada ya kutibiwa mizizi, wakapima damu yao mara kwa mara, na sukari ya damu ilikuwa imeshuka. Watu 65 ni wachache, ni mwanzo tu wa kazi, lakini inakubaliana na tunachokiona: mwili ukitua mzigo wa maambukizo unapumua. Wenye diabete mliopo hapa mnajua jinsi jipu moja la jino linavyoweza kuvuruga sukari wiki nzima.

Sasa niwape upande wa pili kwa haki, sababu wanaotilia shaka wana mambo ambayo sitayakana. Ni kweli hakuna muganga anayeweza kuua bakteria zote ndani ya jino. Jino liko na vijinjia vidogo sana visivyoonekana kwa macho, maelfu na maelfu, na baadhi ya bakteria zinabaki humo. Tunachofanya ni kuzipunguza sana, kuzikatia chakula na kufunga njia, na mwili unamaliza kazi, mfupa unajijenga upya. Kazi ikifanyika vizuri, zaidi ya meno 8 kwa 10 yanafanikiwa. Lakini wakipiga radio watu wa kawaida mtaani, katika nchi nyingi, wanakuta kwamba karibu theluthi ya meno yaliyotibiwa, na pengine zaidi, bado yako na kivuli kwenye ncha ya mzizi, alama ya mfupa ulioliwa. Hiyo namba inaniumiza kama mtu wa kazi hii. Maana yake kazi nyingi zinafanyika haraka haraka, nusu nusu.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo lazima lisemwe. Kwa miaka mingi kuua nerfu kulifanyika kwa dawa yenye arseniki. Unawekewa kitu kidogo ndani ya jino, unafungwa, unaambiwa rudi baada ya siku kadhaa. Ile dawa ikivuja inachoma ufizi na kuua mfupa, na ndiyo sababu shule za meno ziliiacha. Kulikuwa pia na pasti zenye formolini, zinaua kila kinachogusana nazo, kizuri na kibaya. Kama hofu ya mtu inatoka huko, hofu yake ina msingi, na jibu lake ni kuachana na dawa hizo. Siku hizi tunatumia sindano ya ganzi, basi, unafanya kazi mgonjwa akiwa hasikii maumivu. Mtu akitaka kukuwekea dawa ya kuua nerfu na kukurudisha nyumbani, muulize kwa heshima: dokta, hii ni dawa gani? Ni haki yako.

Mama mmoja mzee aliinua mkono akasema, “Mtoto wangu, sisi hatuoni mnachofanya mle ndani, tunaona tu taa machoni.” Nikaona ni kweli, nikawaeleza hatua kwa hatua, na narudia hapa.

Kwanza radio. Bila radio sitaki mtu aniguse mzizi na wewe usikubali. Kisha ganzi. Kisha tunavika jino kipande cha mpira chenye tundu, jino linabaki peke yake nje na mdomo wote uko nyuma, ili mate yasiingie na dawa isishuke kooni. Tunafungua kwa juu. Kama nerfu imekufa zamani, unasikia harufu kabla ya kuona chochote, nzito, ya nyama iliyooza, mgonjwa mwenyewe anaisikia na anaona aibu, namwambia mama usione aibu, hiyo harufu njo tunaiondoa leo. Kuna sindano nyembamba za chuma, laini, zenye meno madogo, na kila moja iko na kipete cha mpira cha rangi unachokisogeza kulingana na urefu wa mzizi uliopimwa, ili usiishie njiani na usitoboe upande wa pili. Unaingiza, unasugua ukuta, unatoa, ncha inatoka na uji mweusi ao wa kijivu, unafuta, unaosha. Maji ya kuoshea ni dawa ya familia moja na javeli ya kufulia, lakini imepimwa kwa ajili ya meno, tafadhali mtu asiende kusukutua javeli nyumbani. Unaosha tena, unasugua tena, mpaka uchafu uishe na sindano itoke na vumbi jeupe safi. Hapo njo unakausha na kujaza kwa gutaperka, kitu kama mpira kinachotoka kwenye utomvu wa miti ya Asia, na unafunga juu kwa plombaje nzuri, kile kijazio cha tundu la jino, ao kofia kama jino limebomoka sana. Radio nyingine ya kuhakikisha. Jino la nyuma kufanya hayo yote dakika 15 haiwezekani.

Najua bei. Kutosha ni rahisi mara nyingi kuliko kutibu, na mtu mwenye watoto wa shule siwezi kumlaumu. Kutosha ni matibabu ya heshima, maambukizo yanaondoka. Hasara yake ni pengo, meno ya pembeni yanalala, la juu linashuka, kutafuna kunapungua. Amueni kwa mfuko wenu na kwa hali ya jino, na mtu asiwadharau. Lakini naomba, kati ya kutibu na kutosha chagueni kimoja. Kubaki na usaha sikuoni kama chaguo.

Sababu jino linaua, na linaua kwa njia ambayo audio haikuitaja. Mwaka 1836 daktari wa Stuttgart aitwaye Ludwig aliandika juu ya uvimbe unaoanza chini ya ulimi na kushika shingo, na leo tunajua mara nyingi chanzo ni jino la nyuma la chini. Shingo inakuwa ngumu kama ubao, ulimi unasukumwa juu, mate yanatiririka kwa sababu hawezi kumeza, sauti inabadilika, pumzi inafungwa. Mkiona hivyo msingoje asubuhi, msitafute majani, msiende farmasi, pandeni pikipiki hata saa nane za usiku mpaka hospitali kubwa.

Wamama wajawazito: mnaambiwa msiguswe jino mpaka mzae. Hapana. Mnaweza kutibiwa, ganzi inaruhusiwa, radio ya jino ikihitajika inapigwa na unafunikwa vizuri, na miezi ya katikati njo ya starehe zaidi kukaa kwenye kiti. Jipu la jino ni baya kwa mama na mtoto kuliko matibabu yake. Mwambieni tu munganga kama mko na mimba, na ya miezi mingapi.

Wenye ugonjwa wa moyo, hapa naomba mtulie. Uhusiano wa kinywa na moyo upo, na ulio wazi kabisa ni bakteria za kinywa kuingia kwenye damu na kukaa juu ya valvu mbovu, mlango wa damu ndani ya moyo. Zinaweza kuingia wakati wa kung'oa jino, na pia wakati wa kupiga mswaki kama ufizi ni mgonjwa. Kwa hiyo mtu aliyewekewa valvu, aliyewahi kupata maambukizo ndani ya moyo, ao mtoto aliyezaliwa na aina fulani za kasoro ya moyo, anapewa antibiotike kabla ya kung'olewa jino na kabla ya kazi zinazogusa ncha ya mzizi. Usipomwambia munganga wako, hawezi kujua kwa kuangalia meno. Na wote wenye moyo mgonjwa, hata wasiohitaji hiyo dawa, usafi wa kinywa kwenu ni sehemu ya matibabu ya moyo.

Waliobaki ni nyinyi wenye meno yaliyotibiwa zamani, mliokuja na karatasi za maswali. Msiyatoshe kwa sababu ya audio. Kama jino linauma ukiligonga, kama kuna kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha kisha kinafunga na kurudi, kama plombaje imevunjika na chakula kinaingia, njooni mapema, linaweza kutibiwa tena ao kutoshwa. Kama limetulia, radio moja inatosha kuanza. Na radio yenu ya zamani msiiache kwa munganga, iombeni, ao pigeni picha kwa simu na mwandike tarehe, sababu kivuli cha leo peke yake hakiniambii kama kinakua ao kinaisha, lakini mkinionyesha na ya mwaka jana pembeni yake nitawajibu hapohapo.